Marquess wa Rockingham na Heshima ya Upinzani

Katika kupima maisha ya wanasiasa, desturi ya wengi ni kuhesabu miaka waliyoshika madaraka na sheria walizozipitisha. Kipimo hiki ni chepesi kutumia, na aghalabu hufaa. Walakini wako watu ambao huwapunja haki yao. Mmoja wao ni Charles Watson-Wentworth, Marquess wa pili wa Rockingham, aliyeishi baina ya 1730 na 1782. Mtu huyu alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Mara ya kwanza alidumu mwaka mmoja na siku 17. Mara ya pili alidumu siku 96, kisha mauti yakamwondoa. Baina ya serikali hizo mbili ilipita miaka 16 kasoro miezi michache, na katika muda huo wote hakuwa na wizara, wala mshahara wa serikali, wala sikio la mfalme.

Hoja ya insha hii ni kwamba kazi kubwa ya Rockingham haikufanyika katika siku chache alizotawala, bali katika miaka mingi aliyokaa nje ya utawala. Aliwafundisha watu wa tabaka lake, kwa kutenda kuliko kwa kusema, kwamba mtu aweza kuipinga serikali ya mfalme mwaka baada ya mwaka bila ya kuwa mhaini. Tena, kwamba marafiki wanaokubaliana katika jambo la msingi ni heri wakae nje pamoja kuliko kuingia ndani mmoja mmoja kwa kununuliwa. Leo fundisho hili laonekana dogo. Katika karne ya 18 lilikuwa geni, na wengi waliliona kuwa ni ufidhuli.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1730 katika jumba la Wentworth Woodhouse, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mmoja wa makabaila wakubwa wa jimbo hilo, na jumba alilolijenga lilikuwa na uso wa mashariki wenye urefu wa futi 600 na zaidi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba alizaliwa kutawala, kuta zilimwambia. Hata hivyo damu yake haikuwa baridi. Katika Desemba 1745, wafuasi wa ukoo wa Stuart walipoasi ili kuurejesha ukoo huo katika kiti cha enzi, kijana huyu, umri wake miaka 15, alitoroka nyumbani na mtumishi mmoja akaenda mpaka Carlisle kujiunga na jeshi la mfalme. Tukio hili lafaa kukumbukwa, kwa maana mtu ambaye baadaye maadui zake walimwita mpinzani wa mfalme alianza maisha yake kwa kuhatarisha roho kwa ajili ya kiti cha mfalme.

Baba yake alifariki mwishoni mwa 1750, naye akarithi cheo, ardhi na nguvu zote za jina lake kabla hajatimiza miaka 21. Katika 1752 alimwoa Mary Bright, mwanamke mwenye akili na busara, aliyekuwa mshauri wake katika siasa na mara nyingine mwandishi wa barua zake. Hawakujaliwa mtoto.

Ili kuyafahamu mambo yaliyofuata, hapana budi tueleze hali ya siasa ya wakati ule. Bunge lilikuwa na mabaraza mawili. Katika Baraza la Malodi walikaa warithi wa vyeo pamoja na maaskofu. Katika Baraza la Makabwela walikaa wabunge 558 waliochaguliwa; lakini jina la baraza hili lisimdanganye mtu, kwani wengi waliokaa humo walikuwa wana, ndugu, wakwe na wategemezi wa malodi. Miji mingine ya uchaguzi ilikuwa kama mali ya mtu: Rockingham mwenyewe alikuwa na mji wa Malton, na wabunge wawili wa mji huo walikuwa watu aliowapenda yeye. Mfalme ndiye aliyewateua mawaziri, na aliweza kuwaondoa. Tena alikuwa na hazina ya vyeo, posho na kandarasi za kuwagawia wabunge ili kura zao zisipotee njia. Katika hali hiyo, mtu aliyeondoka katika serikali alitazamiwa kufanya moja katika mambo mawili: kurudi shambani kwake akanyamaza, au kupiga kelele mpaka anunuliwe kwa cheo kingine. Kundi la watu waliodumu pamoja nje ya serikali lilihesabiwa kuwa genge la fitina. Hata katika lugha yetu neno upinzani lina ujamaa na kupinga, na anayepinga njia huonekana adui wa wasafiri. Waingereza wa wakati ule waliona vivyo hivyo.

Mfalme George wa Tatu alipotawazwa katika 1760, alikuja na nia ya kuwavunja nguvu makabaila wa chama cha Whig waliomzunguka babu yake. Alimpandisha rafiki na mwalimu wake, Earl wa Bute, na wakubwa wa zamani wakaanza kuanguka. Mwishoni mwa 1762 Duke wa Devonshire alipovunjiwa heshima, Rockingham alijiuzulu cheo chake katika nyumba ya mfalme. Mfalme naye akamwondolea uwakilishi wake katika jimbo la Yorkshire, cheo ambacho familia yake ilikiona kama haki yake. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kulipa gharama ya kusimama na wenzake. Haikuwa ya mwisho.

Katika Julai 1765 mfalme, akiwa amechoshwa na waziri wake George Grenville, alilazimika kumwita Rockingham kuunda serikali. Alikuwa na umri wa miaka 35, na hajawahi kushika wizara hata moja. Wenzake wengi walikuwa wageni wa kazi kama yeye. Katika mwezi huo huo alimwajiri kuwa katibu wake Mwairishi mmoja, mwana wa mwanasheria wa Dublin, mwenye kalamu kali na mfuko mtupu. Jina lake lilikuwa Edmund Burke. Mapatano haya yalikuwa na faida kwa wote wawili: mmoja alikuwa na ardhi, jina na uaminifu wa watu, lakini ulimi wake ulikuwa mzito kiasi cha kuogopa kusimama na kusema mbele ya malodi wenziwe, wa pili hakuwa na ardhi wala jina, lakini maneno yalimtii.

Serikali hii changa ilirithi moto. Vita vya Miaka Saba vilivyokwisha katika 1763 viliiachia Uingereza deni la pauni milioni 130 hivi, na Grenville aliona haki makoloni ya Amerika yachangie gharama ya askari waliowekwa huko. Kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Stempu katika Machi 1765, iliyotaka magazeti, hati za mahakama, hata karata za kuchezea, zilipiwe ushuru. Makoloni yalikataa kulipa kodi iliyotungwa na Bunge ambalo hawakuwa na mjumbe ndani yake. Katika Boston watu walifanya ghasia. Katika New York wajumbe wa makoloni tisa walikutana wakaandika malalamiko. Na wafanyabiashara wa Amerika waliapa kutonunua bidhaa za Uingereza.

Rockingham alikuwa na njia mbili: kupeleka askari, au kuifuta sheria. Alichagua kuifuta, lakini namna alivyofanya ndiyo yenye mafunzo. Hakutegemea hotuba za falsafa juu ya haki. Yeye na Burke walishirikiana na wafanyabiashara wa London, na miji zaidi ya 20 ikaletwa Bungeni kwa maombi yake: viwanda vimesimama, madeni hayalipwi, wafanyakazi hawana kazi. Benjamin Franklin aliitwa mbele ya Baraza la Makabwela akahojiwa. Hivyo sauti ya maduka na viwanda ilisikika mahali ambapo kwa kawaida ilisikika sauti ya ardhi. Katika kura ya Februari 1766, watu 275 walikubali sheria ifutwe dhidi ya 167, na mwezi uliofuata ikafutwa.

Lakini haki yataka tuseme upande wa pili. Ili kuwatuliza waliosema kwamba Bunge limedhalilishwa, Rockingham alipitisha siku ile ile sheria nyingine, iliyotangaza kwamba Bunge la Uingereza lina mamlaka ya kuyatungia sheria makoloni katika mambo yote yaliyopo. Aliondoa mzigo mabegani, akabakisha haki ya kuurudisha. Huenda bila sheria hiyo ya pili asingaliipata ile ya kwanza. Walakini mwaka mmoja tu baadaye waziri mwingine, Charles Townshend, alipata kutoza ushuru mpya juu ya chai, karatasi na vioo, na madai ya mamlaka yaliyomsaidia yalikuwa yamekwisha kuandikwa na Rockingham. Amani iliyonunuliwa kwa kuliacha swali bila jibu haikudumu.

Mfalme hakuipenda serikali hii tangu mwanzo, na watu wake wengi Bungeni walikuwa wameipigia kura ya kuipinga. Mwisho wa Julai 1766 Rockingham aliondolewa, na William Pitt, mwenye sifa kuu ya vita, akaitwa mahali pake. Hapo ndipo ilipoanza kazi tuliyoitaja mwanzoni. Pitt alitaka kuvivunja vyama vyote na kumchukua mtu mmoja mmoja kwa ubora wake. Rai hii yavutia masikioni. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mmoja mmoja, akiwa peke yake mbele ya mfalme, hana nguvu. Baadhi ya marafiki wa Rockingham walibaki katika serikali mpya kwa muda; kisha, walipoona wenzao wakidharauliwa, wengi walijiuzulu. Katika 1767 Rockingham mwenyewe alifanya mazungumzo ya kurudi madarakani. Yalivunjika, kwa maana hakukubali kuingia bila ya watu wake na bila ya kuwa na sauti katika mambo ya Amerika. Tangu hapo mlango ulifungwa.

Maana ya kukataa huko iliandikwa na Burke katika kitabu kidogo kilichotolewa 1770 juu ya sababu za manung'uniko ya siku zile, ambacho kabla ya kupigwa chapa kilipitishwa mikononi mwa wakubwa wa kundi ili wakisome na kukisahihisha. Ndani yake Burke alitetea chama kwa hoja ambayo wakati huo ilishangaza: kwamba chama si genge, bali ni umoja wa watu wanaojitahidi pamoja kwa faida ya taifa juu ya msingi fulani waliokubaliana. Watu wabaya wakishikamana, watu wema wakitawanyika huanguka mmoja mmoja. Kalamu ilikuwa ya Burke, lakini mfano ulio hai aliokuwa akiueleza ulikuwa mwenendo wa Rockingham.

Kulishika kundi hilo hakukuwa kazi rahisi. Baada ya 1768 lilikuwa na wabunge 50 hivi, kidogo kuliko sehemu moja ya kumi ya baraza. Hapakuwa na cheo cha kuwapa, wala pensheni, wala kandarasi. Kilichowafunga kilikuwa barua, karamu, ukoo, urafiki, na imani kwamba bwana wao hatawauza. Rockingham alikuwa mvivu wa kujibu barua, mgonjwa mara kwa mara, na mpenzi mkubwa wa farasi. Burke alilalamika zaidi ya mara moja kwamba mbio za farasi zinamchelewesha kuja London. Kwa hakika wako wanaomfahamu leo kwa sababu ya farasi tu: picha ya farasi wake Whistlejacket, iliyochorwa na George Stubbs yapata 1762, imetundikwa katika Jumba la Taifa la Picha mjini London, nayo yavuta macho ya watu wasiowahi kusikia jina la mwenye farasi. Walakini mtu aliyekosa ufasaha na bidii alikuwa na sifa moja iliyofunika mapungufu hayo: neno lake leo lilikuwa neno lake kesho.

Tusimfanye malaika. Katika 1773 serikali ya Ireland ilifikiria kuwatoza kodi wenye ardhi wasioishi katika nchi hiyo, ambao walikusanya pango huko na kulitumia Uingereza. Rockingham, mwenye mashamba makubwa Ireland, aliongoza malodi wenzake watano kwa jumla kuandika barua ya kuipinga, na kodi ikaachwa. Alidai kwamba anatetea umoja wa dola. Msomaji ana ruhusa ya kuona kwamba mfuko wake nao ulitetewa. Kadhalika, watu wa jimbo lake la Yorkshire walipoungana katika 1779 na 1780 kutaka Bunge lenyewe litengenezwe, na uchaguzi ufanyike mara kwa mara zaidi, aliwaunga mkono katika kupunguza matumizi ya serikali, lakini aliyakwepa mabadiliko ambayo yangeigusa miji kama Malton. Alitaka nguvu ya mfalme ipunguzwe. Hakutaka nguvu ya makabaila ifuate njia hiyo. Na uhuru waliousemea yeye na wenzake haukuwafikia watumwa Waafrika waliokuwa wakitoka jasho na damu katika mashamba ya sukari ya Jamaica, ingawa biashara waliyoitetea ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya migongo ya watu hao.

Mtihani mkubwa ulikuja vita vya Amerika vilipoanza katika 1775. Kupinga kodi ni jambo moja. Kupinga vita wakati askari wa nchi yako wanakufa ni jambo jingine. Rockingham na wenzake walisema kwamba vita hivi ni dhuluma na tena ni upumbavu, kwa sababu watu wasiotaka kutawaliwa hawawezi kushindwa kwa gharama itakayomfaa mshindi. Walitukanwa, wakaitwa marafiki wa waasi, na kwa muda walikata tamaa hata wakaacha kuhudhuria vikao vingi vya Bunge. Lakini hawakubadili neno. Pole pole majira yaligeuka. Katika Aprili 1780 Baraza la Makabwela lilikubali, kwa kura 233 dhidi ya 215, hoja iliyosema kwamba nguvu ya mfalme imezidi, inazidi, na yapasa kupunguzwa. Katika Oktoba 1781 jeshi la Uingereza lilisalimu amri Yorktown, na katika Machi 1782 Lord North, waziri wa vita hivyo, akajiuzulu.

Sasa mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Alichukia jambo hili kiasi cha kuandika rasimu ya kuacha ufalme, na hata mazungumzo ya kumwita Rockingham aliyafanya kwa kumpitia mtu mwingine, Earl wa Shelburne. Rockingham alitoa masharti kabla ya kuingia: mfalme asizuie uhuru wa Amerika, na sheria za kupunguza matumizi na vyeo vya bure zipitishwe. Hapa ndipo miaka 16 ilipolipa deni lake. Mfalme hakumchagua mtumishi. Alilipokea kundi zima lenye masharti yake.

Katika siku 96 lilifanyika jambo kubwa kuliko lililofanywa na serikali nyingi za miaka mingi. Wenye kandarasi za serikali walikatazwa kuwa wabunge. Maofisa wa forodha na ushuru, waliokuwa wakipiga kura kwa amri ya wakubwa wao, walinyimwa kura. Vyeo vingi visivyo na kazi katika nyumba ya mfalme vilifutwa kwa sheria ya Burke. Sheria ya 1720, iliyodai kwamba Bunge la Uingereza laweza kuitungia sheria Ireland, ilifutwa, na mazungumzo ya amani na Wamarekani yakaanza. Kisha homa ya mafua, iliyoenea Ulaya mwaka huo, ikaukuta mwili uliokwisha kudhoofika. Rockingham alifariki tarehe 1 Julai 1782, umri wake miaka 52, akazikwa katika kanisa kuu la York. Mali yake yote ilikwenda kwa mwana wa dada yake, Earl Fitzwilliam.

Mfalme alimteua Shelburne mara moja, na Charles James Fox, Burke na wengine wakajiuzulu. Baada ya miezi michache, katika 1783, watu hao hao waliungana na Lord North, waliyempinga kwa miaka mingi, ili wapate kurudi madarakani. Na nchi ikawashangaa. Tukio hili hutajwa kama ushahidi kwamba maneno yao yote juu ya msingi yalikuwa pambo. Kwa maoni yangu laonyesha jambo jingine: chama kilichofungwa na uaminifu wa mtu mmoja hulegea mtu huyo anapoondoka, hata kama kimeandikiwa kitabu kizuri. Rockingham alikuwa kamba. Wenzake waliomzidi akili na ufasaha hawakuweza kuwa kamba.

Walakini wazo lilibaki. Katika 1826 mbunge mmoja alitumia kwa mara ya kwanza, nusu kwa mzaha, maneno ya upinzani wa mfalme, yaani upinzani ambao nao humtumikia mfalme. Mzaha ukawa kanuni, na katika 1937 sheria ya Uingereza ilimpa Kiongozi wa Upinzani mshahara wa serikali. Kwa hiyo nchi ikamlipa mtu kwa kazi ambayo Rockingham aliifanya miaka mingi bila ya malipo, na kwa hasara.

Karibu na Wentworth Woodhouse lipo jengo la ukumbusho alilolijenga mrithi wake. Kaburi lake halimo humo, liko York. Ndani imesimama sanamu ya Rockingham iliyochongwa na Joseph Nollekens, na kandokando yake vimewekwa vichwa vya mawe vya marafiki wanane, Burke na Fox wakiwa miongoni mwao. Mawaziri wengine hukumbukwa kwa sanamu zinazowaonyesha peke yao juu ya farasi au juu ya nguzo. Mtu huyu, aliyewapenda farasi kuliko wengi, aliwekwa katikati ya wenzake. Aliyelijenga jengo hilo alifahamu vema ni kazi gani aliyoifanya mjomba wake.